Majengo ya Dar na joto lake: kabla hujamwita fundi, soma hapa

Watu wengi wakituuliza kuhusu majengo ya zamani ya Dar es Salaam wanataka kujua nani alijenga, Mwarabu, Mjerumani au Mwingereza, na ni swali zuri tu, ila sisi wa uhifadhi tunapenda uulize na lingine: hili jengo linafanyaje na joto? Maana Dar jua ni kali karibu mwaka mzima, hewa ina unyevu, upepo unatoka baharini, kusi au kaskazi kutegemea msimu, na masika ikishuka inashuka kweli. Kila anayejenga hapa anakutana na hayo, apende asipende.

Chukua Old Boma pale Sokoine Drive. Sultan Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860, na Boma likajengwa 1866 hadi 1867 kwa ajili ya wageni wake. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene haswa, na ukuta mnene hivyo unachelewa kupata moto kwa hiyo mchana jua likiwaka nje ndani bado pamepoa. Dari imebebwa na boriti za mikoko, ndo maana nyumba za aina hii vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana wa chumba unaishia pale boriti inapoishia.

Wajerumani nao walikuja na mambo yao ila jua likawafundisha haraka, angalia hospitali ya Ocean Road ya 1897, veranda pana, madirisha marefu, imekaa inaangalia bahari. Veranda kazi yake kubwa ni kuuwekea ukuta kivuli ili jua lisiupige moja kwa moja.

Na usidhani haya yalikuwa mambo ya wakubwa tu. Nyumba ya Uswahilini ya vyumba sita, ile ya Kariakoo, Ilala, Magomeni, imefikiriwa vizuri sana na naona hatuipi heshima yake: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, nyuma ua wenye jiko na choo. Fungua mlango wa mbele na wa uani, upepo unapita kwenye korido na kila chumba kinapata chake, moshi na moto wa jiko vinabaki nje. Makuti yalipopisha bati joto likaongezeka, hasa kama hakuna dari, lakini mpango wenyewe ulikuwa sahihi.

Baadaye wakaja wasanifu wetu wenyewe. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar aliyesomea Bombay, alichora majengo ya kisasa kabisa, ya zege, kanisa la pamoja la Wakristo pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni lake. Na Beda Amuli, aliyesomea Israel, mmoja wa wasanifu wa mwanzo kabisa Waafrika katika Afrika Mashariki, ndiye aliyetupa Soko la Kariakoo miaka ya 1970. Ukifika pale inua macho uangalie lile paa, ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini na kuunganishwa, mvua ikinyesha maji yanakusanyika katikati ya kila mwavuli na kushuka chini kwenda kwenye tangi, huku chini yake soko liko wazi pembeni, kuna kivuli kikubwa na hewa inatembea, na bado kuna Shimoni, sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi. Julai 2021 liliungua na ukarabati mkubwa ukafuata. Kwangu mimi hilo ndilo jengo bora la karne iliyopita katika mji huu, na aliyelichora ni Mtanzania.

Sasa linganisha na ghorofa la vioo. Sina ugomvi na maghorofa, kiwanja cha mjini ni ghali na watu ni wengi, lakini ukuta wa kioo unaoangalia magharibi kuanzia saa nane mchana unaingiza moto ndani na dirisha halifunguki, kwa hiyo kiyoyozi kinafanya kazi mpaka jioni na luku inaisha. Ghorofa hilohilo ungeweza kuligeuza pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini, ukaweka vibaraza, matofali ya matundu, madirisha ya kufunguka, na gharama ya umeme ingeshuka.

Tatizo linalotuumiza zaidi lakini ni simenti kwenye majengo ya mawe. Nyumba ya matumbawe inavuta unyevu na chumvi kutoka ardhini, chokaa ina vitundu vidogo sana kwa hiyo unyevu unapanda kidogo kisha unatoka kwa kukauka. Fundi akija akapiga plasta ya simenti na rangi ya mafuta juu, unyevu hauna pa kutokea, unazidi kupanda ndani ya ukuta, baada ya muda plasta inavimba na kubanduka usawa wa kiuno, wanaongeza simenti nyingine, na huko ndani ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza kimyakimya mpaka siku sakafu inaanza kulegea. Kwa hiyo ukiona ukuta unamwaga unga mweupe, yaani ile chumvi, kwanza tafuta maji yanatoka wapi, bomba, mfereji au paa, halafu ondoa simenti na rudishia chokaa, na ukubali kwamba chokaa hupakwa upya kila baada ya muda.

Upande wa sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na Dar karibu yote imejengwa baada ya hapo, kwa hiyo jengo la mjini linalindwa pale tu serikali inapolitangaza rasmi. Kama unamiliki au umepanga kwenye jengo la zamani, uliza Idara ya Mambo ya Kale kama limetangazwa kabla hujaanza kubomoa hata ukuta mmoja, piga picha kila upande, mlango wa kuchonga usiuuze, na mwambie fundi akuonyeshe kazi ya chokaa aliyowahi kufanya kabla hujampa hela ya kuanzia.