Lesi ni nini hasa?

Lesi ni kitambaa chepesi chenye matundu yaliyopangwa kwa nakshi, na matundu hayo ni sehemu ya pambo sawa na maua yenyewe. Kwa maana yake ya asili, lesi haitobolewi kutoka kwenye kitambaa kilichokwisha kufumwa. Kazi huanza na uzi mtupu, ambao husokotwa, hupishanishwa na kufungwa mafundo mpaka ua na uwazi unaolizunguka vikamilike pamoja.

Neno tumelipata kwa Kiingereza, na asili yake ya mbali ni Kilatini laqueus, yaani tanzi. Waingereza huita hivyohivyo kamba za viatu, lakini kwetu neno hili limekaa zaidi kwenye mavazi.

Ufundi huu ulikomaa Ulaya katika karne ya 16. Venice, Italia, walitumia sindano: nakshi ilichorwa kwenye ngozi laini, nyuzi zikalazwa juu ya mistari, zikashonewa zenyewe kwa zenyewe, kisha kazi nzima ikabanduliwa. Waliuita punto in aria, mshono wa hewani. Flanders, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Ubelgiji, walizungusha uzi kwenye vijiti vidogo vingi, wakavipishanisha juu ya mto uliochomekwa pini. Ni kazi ya subira ya ajabu. Katika mji wa Alençon, Ufaransa, ambao lesi yake ya sindano iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010, sentimita moja ya mraba huchukua kama saa saba, na fundi hujifunza kwa miaka 7 hadi 10. Ukijua hilo, hushangai kwamba zamani lesi ilikuwa mali ya wafalme na maaskofu.

Mashine ndizo zilizoishusha bei. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza John Heathcoat aliunda mashine ya kufuma wavu wa lesi, na muda mfupi baadaye John Leavers wa Nottingham akaunda nyingine, iliyokuja kuboreshwa ili ifume na maua.

Lesi nyingi tunazoshonea magauni ya harusi na sendofu ni za namna nyingine, nazo zinastahili kuelezwa vizuri, maana hapo ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Kuna lesi nyepesi, ambayo ni wavu mwembamba uliotariziwa maua kwa mashine. Kuna nzito, iitwayo guipure, isiyo na wavu kabisa: mashine hutarizi juu ya kitambaa maalumu, kisha kitambaa hicho huyeyushwa, yakabaki maua yaliyoshikana kwa nyuzi. Mbinu hiyo inahusishwa na viwanda vya St. Gallen, Uswisi, mwishoni mwa karne ya 19. Wanigeria wameipenda sana lesi ya kutariziwa, hata viwanda vya Lustenau, Austria, vikaanza kuwatengenezea kwa rangi na nakshi wazipendazo tangu miaka ya 1960.

Tofauti hizo zina maana kwa fundi. Nyepesi huchanika kwa urahisi na karibu kila mara huhitaji bitana. Nzito hukaa vizuri mwilini, ila mkasi upite pembezoni mwa ua, usilikate katikati. Pindo lenye mawimbi lisipotezwe; lipangwe liangukie chini ya gauni au mwisho wa mkono. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa ndani, kwa sababu nyuzi nyingi siku hizi ni za poliesta.

Wasusi nao wana lesi yao: wavu mwembamba wa mbele ya wigi, ambao nywele hufungwa humo moja moja ili ionekane ngozi inazichipua. Vitambaa vya kroshia vya kutandika kwenye makochi navyo ni jamaa wa karibu, maana huanza na uzi mtupu. Kofia ya viua ya mwambao ina matundu mazuri mno, lakini si lesi: matundu yake hutobolewa kwenye kitambaa, kisha kingo zikazungushiwa uzi kwa sindano.