Je, wajua kwa nini chokoleti anayokula mtoto bila shida inaweza kumuua mbwa?

Wengi tumesikia tu kwamba mbwa hapewi chokoleti, ila ukiuliza kwa nini utaambiwa ni sukari, ati inamletea minyoo. Hapana, sukari haihusiki hapa. Kinachomdhuru mbwa kimo kwenye mbegu yenyewe ya kakao, hizi hizi zinazolimwa Kyela huko Tanzania na Bundibugyo huko Uganda, na kinaitwa theobromini. Aliyekigundua ni mwanakemia Mrusi, Alexander Voskresensky, mwaka 1841, na kiko ukoo mmoja na kafeini ya kwenye kahawa na chai.

Sasa mbona sisi tunakula na hatudhuriki? Tofauti iko kwenye ini. Mtu akila chokoleti ini lake linaichambua theobromini haraka, ndani ya masaa 6 hadi 10 hivi nusu yake inakuwa ishaondoka. Mbwa ini lake linakwenda polepole mno na hiyo hiyo nusu inamchukua karibu masaa 17 na nusu, yaani akila leo saa mbili usiku basi kesho mpaka saa saba na nusu mchana bado ana nusu nzima inazunguka kwenye damu. Tena kuna jambo ambalo mimi linanishangaza kila nikilifikiria: hata ile theobromini iliyoshafika kwenye kibofu ikisubiri kutoka na mkojo inaweza kupenya ukuta wa kibofu ikarudi kwenye damu. Ndo maana daktari wa mifugo akimtibu mbwa wa namna hii anamtoa nje kila mara akojoe, au anamwekea mpira wa mkojo kabisa.

Ikishakaa mwilini inafanya nini? Mwili una kemikali inaitwa adenosini ambayo kazi yake ni kutuliza, inaupunguza moyo kasi na inaleta usingizi. Theobromini inaziba zile sehemu ambazo adenosini hushika, kwa hiyo anayetuliza hana pa kufanyia kazi. Halafu inaongeza kalsiamu ndani ya misuli ikawa inajikaza hovyo. Unaona basi moyo unakwenda mbio, mwili unatetemeka, joto linapanda.

Dalili zake hazitokei hapo hapo, na hapa ndo watu wanajidanganya. Mara nyingi zinaanza baada ya masaa 2 hadi 4 na zinaweza kuchelewa mpaka 12. Mwanzo ni kutapika, kuharisha, kunywa maji mengi na kukojoa kojoa. Baadaye mbwa hatulii, anazunguka chumba kizima, anahema ulimi nje ilhali hakuna joto, ukimwekea mkono kifuani nyuma ya kiwiko cha kushoto unausikia moyo unapiga kwa fujo na pengine unaruka mapigo. Hali ikizidi anapata degedege, na anayekufa mara nyingi ni moyo au kupumua ndo kumeshindwa.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema wa kwangu alikula kipande na hakufa. Inawezekana kabisa, ila sababu ni hesabu wala si kwamba mbwa wako ana mwili wa chuma. Mbwa akipata miligramu 20 za sumu hii kwa kila kilo ya uzito wake anaanza kuumwa tumbo, zikifika 40 hadi 50 moyo unaingia matatani, zikifika 60 ni degedege. Chokoleti nyeupe haina karibu chochote. Ile ya maziwa ina miligramu 2 na ushee kwa kila gramu, nyeusi ya kawaida kama 5, ile chungu ya kuokea keki 16 hivi, na unga wa kakao, lile kopo liko kabatini pembeni ya majani ya chai, unakaribia 28.

Piga sasa. Chokoleti ya maziwa ya gramu 100 kwa mbwa mkubwa wa ulinzi wa kilo 30 ni miligramu kama 8 kwa kilo, pengine hata husikii lolote. Bamba hilo hilo likiliwa na kambwa kadogo ka kilo 5 ni zaidi ya 45, hapo unazungumzia moyo. Na unga wa kakao gramu 12 tu, kama vijiko viwili vya chakula, unampitisha huyo mdogo kwenye 60. Kwa hiyo usijipime na mbwa wa jirani.

Paka mbona hatumsikii sana? Naye theobromini inamdhuru vizuri tu, ila paka hasikii ladha ya sukari kwa hiyo chokoleti haimvutii. Mbwa anaisikia tamu na akipata hali kipande akaacha, anamaliza pakiti pamoja na karatasi lake. Chuo Kikuu cha Liverpool kule Uingereza kilipitia rekodi za kliniki za wanyama na mwaka 2017 kikaonyesha kwamba mbwa kula chokoleti wakati wa Krismasi kunaongezeka mara 4 na Pasaka mara 2, ukilinganisha na siku za kawaida. Ni siku zile maboksi ya zawadi yanaachwa chini na watoto wanagawa chakula kwa mapenzi, na mtoto usimkemee, mwambie tu mapema.

Ikitokea, usisubiri dalili. Mpigie daktari wa mifugo umwambie uzito wa mbwa, chokoleti gani, kiasi gani na saa ngapi, na karatasi lake ulibebe kwa sababu limeandika asilimia ya kakao. Kama ni mapema atamchoma sindano ya kumtapisha, atampa mkaa wa dawa unaonasa sumu tumboni, tena zaidi ya mara moja maana theobromini inazunguka na kurudi kwenye utumbo, kisha dripu na dawa za moyo au degedege kulingana na hali. Dawa ya kuiua sumu yenyewe haipo, ni kumsaidia mwili mpaka itoke. Tafadhali sana usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, chumvi nyingi nayo ni sumu kwake, wala usimpe mafuta ya kula, yanaweza kumwingia mapafuni, na maziwa ambayo kwetu ndo yanakimbiliwa kila mtu akila sumu hapa hayaondoi kitu.

Ukisoma hilo karatasi angalia pia kama kuna zabibu kavu, njugu za makadamia au zailitoli, kile kitamu kinachowekwa kwenye vitu visivyo na sukari, kwa sababu kila kimoja kinamdhuru mbwa kwa njia yake na zailitoli inashusha sukari ya damu kwa haraka ya kutisha. Mbwa aliyewahiwa wengi wanapona, dalili zinaweza kuendelea mpaka siku 3, na hata akishachangamka mwangalie siku chache zinazofuata, akikataa kula au akianza kutapika tena mrudishe, maana yale mafuta ya chokoleti yanaweza kumvimbisha kongosho.