Anapiga hesabu gengeni, ubaoni anakwama

Karibu kila semina ninayoendesha na walimu wa hisabati, kuna atakayenieleza habari ya mwanafunzi wa aina moja. Jioni anamsaidia mama yake gengeni, anauza mayai 350 kila moja, anarudisha chenji bila kukosea hata hamsini. Asubuhi ukimwandikia 35 × 4 ubaoni, anaduwaa. Mwalimu anamalizia, "Mvivu tu huyu." Kazi yangu ni saikolojia ya elimu, na neno hilo linaniuma, kwa sababu linamfungia mtoto mlango kwa kosa lisilo lake.

Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza sokoni huko Recife, Brazili. Waliwaendea kama wateja, wakauliza bei na kuagiza vitu. Watoto walipatia asilimia 98 ya maswali. Kisha wakapewa hesabu za namna ile ile kwa karatasi na kalamu. Zilizoandikwa kama mafumbo walipatia asilimia 74 hivi, na zile za tarakimu tupu zikashuka hadi 37.

Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi nne kwa 35 kila moja. Alianzia kwenye tatu, 105, akaongeza 30, ikawa 135, akamalizia 140. Kwenye karatasi, hesabu hiyo hiyo ilimpa 200. Alisema nne mara tano ni ishirini, akaweka 2 akiba, kisha akaijumlisha na ile 3 kabla ya kuzidisha. Nne mara tano tena, ishirini. Hapo sokoni alikuwa anahesabu nazi. Karatasini alikuwa anafuata amri ambazo hakuna aliyemweleza zinafanya nini.

Ujuzi hung'ang'ania pale ulipofundishwa. Si kwa watoto peke yao. Wanasaikolojia Anders Ericsson na William Chase, pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walimzoesha kijana mmoja kukariri tarakimu kwa saa 230 hivi. Alianza na saba, akafika 79. Alikuwa mkimbiaji, kwa hiyo 3492 kwake ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa mbio za maili. Walipombadilishia, wakamsomea herufi, akarudi kwenye sita. Kumbukumbu yake haikuwa imepanuka. Alichopata ni njia ya kushika tarakimu, basi. Ndiyo maana sishawishiki na matangazo ya michezo ya simu "inayonoa ubongo".

Je, kuna kinachovuka kutoka pale ulipojifunza hadi kwingine? Kipo. Mwaka 1908 mwanasaikolojia Charles Judd alieleza jaribio la wavulana waliorusha vishale kwenye shabaha iliyozama majini. Kundi moja lilifundishwa kwanza jinsi mwanga unavyopinda ukiingia kwenye maji. Kwa kina cha sentimita 30 makundi yote mawili yalilingana, maana kila mtu alijifunza kwa kukosea. Shabaha ilipopandishwa hadi sentimita 10, waliofundishwa walijirekebisha upesi, wenzao wakaendelea kulenga kwa mazoea ya kina cha kwanza. Waliojua *kwa nini* walikuwa na kitu cha kubeba.

Kwa hiyo nawaomba walimu wasisubiri mtoto agundue mwenyewe kwamba genge na ubao vinahusiana. Mwoneshe. Darasa moja nilikaa nyuma, mwalimu akamwambia binti mmoja, "Acha ubao. Niuzie mayai manne." "Elfu moja na mia nne, mwalimu." "Umepataje?" Mawili mia saba, mengine mawili mia saba. Mwalimu akayaandika hayo hayo ubaoni, kisha pembeni yake, akiiacha sifuri ya mwisho ya ile 350, akapanga 35 × 4 kwa wima, akavunja: 30 mara 4 ni 120, 5 mara 4 ni 20. Binti akasogea karibu, akaweka kidole juu ya ile 2 ya akiba. "Kumbe hii ni ishirini?"