Kadi ya kliniki ya mkeo siyo majibu yako

Nashauri na kupima VVU huku Nyanda za Juu Kusini, kituo chetu kiko karibu kabisa na barabara ya malori. Maswali ni yaleyale kila wiki, nayajibu hapa.

VVU si mambo ya mjini?
Hapana jamani. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta wenye VVU kati ya watu wa miaka 15 na kuendelea Tanzania ni 4.4%, ila Njombe 12.7%, na Njombe ni mashamba ya viazi, chai na mbao. Kijijini kuna mnada, kuna kambi za wapasua mbao, kuna vilabu vya ulanzi, pesa ya mavuno ikiingia mnajua wenyewe.

Nani yuko hatarini zaidi?
Wanaojiuza, wanaojidunga, wanaume wanaolala na wanaume, hao kiwango chao cha maambukizi ni mara kadhaa ya wastani wa nchi. Halafu madereva wa malori, wavuvi wa mialoni, wachimbaji wadogo, wahudumu wa baa. Kazi yenyewe haikupi virusi, unavipata kwa ngono bila kondomu na sindano za kuchangia.

Mke wangu alipimwa kliniki ya wajawazito, hana. Si na mimi sina?
HAPANA. Juzi kaja dereva, katoa kadi ya mkewe kwenye pochi, ameifunga na nailoni isilowe, ananionyesha majibu ya mama kana kwamba ni ya kwake. Yeye hajawahi kupima, miaka sita mama anaenda kliniki peke yake. Baba, ile ni damu ya mama! Ya kwako bado iko mwilini mwako, haijaguswa.

Lakini tunalala pamoja siku zote, si angeshapata?
Si lazima. Virusi haviingii kila mnapokutana, tunao wanandoa wengi tu mmoja anao mwingine hana, na huyo asiye nao ndo anayehitaji kulindwa leo. Tena akiwa kaambukizwa majuzi kipimo kinaweza kisionyeshe, ndo maana tunarudia baada ya miezi mitatu. Narudia, majibu ya mke siyo yako. Wanaume wanaoitegemea kadi ya mke ndo haohao tunaowapokea wamebebwa, wana TB, suruali imekazwa na kamba, wakati wangeanza dawa mapema wangekuwa shambani.

Kondomu imepasuka, nisubiri miezi mitatu nipime?
Usisubiri hata kesho! Kuna dawa za PEP, za kuzuia virusi visishike baada ya tukio, zinaanzwa ndani ya masaa 72, mapema zaidi ndo bora, unameza siku 28. Mtu anakuja siku ya tano eti alikuwa na tripu ya Tunduma, hapo PEP haimsaidii tena. Kama mazingira yako ya hatari ni ya kila mara, ulizia PrEP, hiyo ni dawa ya kujikinga unayomeza kabla.

Nikikutwa nao?
ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, ni bure na unaweza kuanza siku hiyohiyo, wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku. Ukimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi, humwambukizi mwenzako kwa ngono. Unaogopa foleni? Kuna kipimo cha kujipima mwenyewe kwa mate, kikionyesha unao njoo tuhakikishe. Mje wawili, kila mtu atoe kidole chake.