Fedha ya Rushwa Haisubiri Barua Rasmi

Rushwa kubwa katika taasisi ya umma huanzia kwenye karatasi za kawaida kabisa: maombi ya ununuzi, nukuu tatu za bei, muhtasari wa kamati ya tathmini. Mchunguzi mzoefu akifungua jalada la zabuni huanza kwa kuziweka nukuu hizo pamoja. Akikuta kampuni tatu zinazodai kushindana zina sanduku la posta moja na zimekosea neno lile lile mahali pale pale, anajua ameshapata pa kuanzia. Hadi hapo kazi ni ya ndani ya nchi. Ugumu huja malipo yanapofuatiliwa na kukutwa yamehamia akaunti ya nchi nyingine, kwa jina la kampuni isiyojulikana mwenyewe ni nani.

Watanzania wanalikumbuka suala la rada iliyonunuliwa na serikali yao. Kampuni ya Uingereza ya BAE Systems iliuza rada hiyo kwa takriban dola milioni 40 za Marekani, na dola milioni 12.4 zikalipwa kwa wakala aliyehusika na mauzo. Sehemu kubwa ya malipo hayo ilipitia kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza kwenda kampuni ya Panama, na vitabuni yakaandikwa kuwa ni ya huduma za kiufundi. Desemba 2010 mahakama ya Uingereza iliitoza BAE faini ya pauni 500,000, tena kwa kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, si kwa kosa la rushwa. Pauni milioni 29.5 zilizolipwa Tanzania kutokana na makubaliano ya kesi hiyo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Fedha zilirudi, ndiyo, lakini zaidi ya miaka kumi baada ya mkataba kusainiwa.

Kanda yetu haina upungufu wa mikataba ya kimataifa ya kupambana na rushwa. Mkataba wa Umoja wa Afrika ulipitishwa Maputo tarehe 11 Julai 2003, na wa Umoja wa Mataifa ulifuata Oktoba mwaka huo huo. Mamlaka za kupambana na rushwa za Afrika Mashariki zina jumuiya yao tangu 2007, na chini yake upo mtandao wa kufuatilia na kurejesha mali. Kwa maoni yangu, mtandao huo ndio wenye tija kuliko maazimio yote ya mikutano, kwa sababu unamwezesha mchunguzi wa Kampala kumpigia mwenzake wa Nairobi na kumuuliza: kiwanja hiki kimesajiliwa kwa jina la nani?

Jibu la simu, hata hivyo, ni taarifa tu. Ili liwe ushahidi mahakamani, linahitaji ombi rasmi la msaada wa kisheria kati ya nchi na nchi, na hapo ndipo majalada hulala. Mara nyingi ombi hurudishwa kwa sababu halikutaja kosa kwa namna inayoeleweka katika sheria ya nchi inayoombwa, au limeomba “nyaraka zote” bila namba ya akaunti wala tarehe. Usiri wa benki si kisingizio. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza kukataa ombi kwa sababu hiyo. Dawa ni wachunguzi na waendesha mashtaka wa nchi mbili kupitia rasimu pamoja kabla haijatumwa.

Suala la pili ni wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni. Kenya na Tanzania sasa zinazitaka kampuni ziwataje kwa msajili. Orodha hizo zitakuwa na meno endapo afisa ununuzi atazikagua kabla ya kutoa zabuni, na endapo msajili wa nchi jirani ataulizwa pia.

Mwananchi wa Tanzania anaweza kuipigia TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, bure kwa namba 113. Taarifa kama “Ofisi ile wanakula sana” ni vigumu kuchunguzwa. Jina la kampuni, namba ya zabuni na tarehe ya malipo vinatosha kufungua jalada.