Je, Wajua? Mhispania Husema "Torero", Mwingereza Kapata Wapi "Toreador"?

Ukifika Sevilla, mji wa Hispania, ukamwita mcheza na fahali "toreador", watakuelewa, ila watajua papo hapo kuwa wewe ni mgeni. Wenyewe husema torero.

Kwa neno hilo "toreador", wengi huisingizia opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Carmen ya Mfaransa Georges Bizet ilionyeshwa kwanza Paris, Machi 3, 1875, na ndani yake yumo Escamillo, bingwa wa uwanjani mwenye maringo yake, anayeimbiwa kiitikio cha "Toréador!" Basi ikavumishwa kwamba Bizet alilibuni neno hilo kwa kuwa torero lilipungua silabi moja kwenye muziki wake. Ni uvumi mtamu, lakini Bizet alizaliwa 1838, na Waingereza walikuwa wakiliandika tangu karne ya 17.

Walilichukua kwa Wahispania wenyewe. Toro ni fahali, torear ni kumchezesha, na toreador ni mwenye kazi hiyo. Enzi hizo mchezo ulikuwa wa mabwana: mtu wa ukoo mkubwa juu ya farasi, mkuki mkononi, watumishi wake wakihangaika chini kwa miguu. Ndiyo maana kamusi nyingine za Kiingereza bado hueleza kuwa toreador ni hasa yule aliyepanda farasi.

Karne ya 18 mambo yaligeuka. Mfalme Philip V, mzaliwa wa Ufaransa, hakuupenda mchezo huo. Mabwana wakajitoa, uwanja wakaachiwa watu wa kawaida. Francisco Romero wa mji wa Ronda hutajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtindo mpya: mtu amesimama kwa miguu yake, mkono mmoja kashika kitambaa kilichotundikwa kwenye fimbo, mwingine upanga, akilenga katikati ya mabega ya fahali. Hao wa miguu ndio walioitwa torero, na jina la wapanda farasi likachakaa huko kwao. Nje ya Hispania liliendelea, kisha opera ikalipa umaarufu usioisha. Na kichekesho ni kwamba Escamillo mwenyewe ni wa miguu!

Matador je? Hilo latokana na matar, kuua. Anayechoma vijiti vya rangi mgongoni mwa fahali ni torero, na siku hizi hata mwenye mkuki juu ya farasi huitwa torero. Ila matador ni yule anayemmaliza tu. Pemba, ambako mchezo wa ng'ombe husemwa uliachwa na Wareno, cheo hicho hakipo: ng'ombe huchezwa, hauawi.