Hataza ya uvumbuzi uliounganishwa

Hataza ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Ni haki ya kuzuia tu. Haimpi mwenyewe ruhusa ya kutengeneza chochote, na hapo ndipo mafundi wengi wanapochanganya mambo.

Tuseme fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, amefunga jokofu kwenye guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu) la kubebea samaki kutoka soko la Feri: paneli ya sola juu, betri chini ya kiti, kompresa nyuma. Kila kifaa kina hataza ya mtu mwingine. Je, anaweza kuuombea muunganiko huo hataza yake?

Sehemu kuwa za zamani si kikwazo. Karibu kila uvumbuzi hujengwa kwa vitu vinavyojulikana. Uvumbuzi unatakiwa uwe mpya, uweze kutumika viwandani, tena uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani mjuzi wa fani hiyo asingeufikia kirahisi. Sharti hili la mwisho ndilo gumu. Paneli inachaji, betri inatunza umeme, kompresa inapoza: kila kimoja kinafanya kazi yake ya siku zote, na hilo pekee halitoshi. Uingereza, mwaka 1890, katika kesi ya Williams na Nye, mtu aliunganisha mashine ya kusaga nyama na ya kujaza soseji. Mahakama ikaona hakuna uvumbuzi pale. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa na msimamo kama huo kuhusu pedali ya gari iliyowekewa sensa.

Lakini fundi akipata njia ya kulipitisha joto la kompresa likaushe dagaa upande wa pili, bila kula betri zaidi, hoja anayo: sehemu zinasaidiana kuleta tokeo lisilotarajiwa.

Hata akipewa hataza, hawezi kunakili kompresa ambayo hataza yake bado hai Tanzania. Aombe leseni, au anunue halisi kwa muuzaji halali. Mwenye kompresa naye hawezi kuuchukua muunganiko wa fundi. Hataza iliyosajiliwa Marekani pekee haina nguvu hapa, kwa hiyo upekuzi wa hataza zilizo hai hapa ufanyike mapema.

Maombi ya Tanzania Bara hupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Anayetaka hataza katika nchi kadhaa za Afrika hupitia ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu lililoko Harare. Zanzibar ina sheria yake. Na guta lisipelekwe kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba kabla ombi halijapokelewa, maana kulionyesha hadharani kunaweza kuuondolea uvumbuzi upya wake.